Niliwapikia Wakwe Ukoo Wao

Sehemu ya Sita

Msomaji, ulipolikunja gazeti lako wiki iliyopita uliniacha nimesimama katikati ya sebule yetu, Farsta, nimevaa aproni ya mama yenye maua, na pai ya moto mikononi. Bado nimesimama. Pai imeanza kuniunguza vidole.

Kama hukuwepo, acha nikufupishie fedheha yangu. Mimi ni Elijah, mzaliwa wa hapa hapa Stockholm. Mama yangu, Josefina, ni mtu wa Tanga. Marehemu baba yangu, Ignatius, alikuwa Mganda. Nataka kumwoa Kirabo. Baba yake Kirabo, Mzee Andrew, na shangazi yake, Gaudiosa, walitoka kwao Hjulsta wakaja kunitazama sura na kuniuliza ukoo. Nami kwa kutaka sifa nikaingia msituni, nikachuma uyoga wa manjano kama Mswidi kamili, nikawaokea pai.

Kumbe wale wote ni ukoo wa Butiko. Na butiko, kwa Kiganda, ni uyoga. Mganda hali kile ambacho ukoo wake umeitwa kwacho. Hakili, hakipiki, wala hapendi kukiona kimekatwa vipande na kumwagiwa jibini.

Usiniulize kama Kirabo hakuniambia. Aliniambia. Siku za mwanzo kabisa alisema, "Sisi ni Butiko," na mimi nisiyejua Kiganda hata cha kuombea maji nikaona haya kuuliza. Nikamjibu, "Nimesikia kunapendeza sana kule." Nilidhani ni kijiji.

Hata hilo tungelimaliza kwa kuombana radhi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niombe. Ndipo mama, kwa nia njema ya kuniokoa, akatokeza kichwa kutoka jikoni na kusema yale maneno yaliyokulaza macho wiki nzima:

"Msijali, jamani! Hata marehemu mume wangu hakuugusa uyoga mpaka anaingia kaburini!"

Shangazi Gaudiosa alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti. Akautoa.

Kwa Waganda shangazi huitwa Ssenga, na kwenye mambo ya ndoa Ssenga ndiye mahakama na ndiye rufaa. Huyu wa kwetu alirudi akakaa, akaliweka koti magotini.

"Mama Elijah," akasema polepole. "Hakuugusa, au hakuupenda?"

"Hakuugusa kabisa! Nikiukata mimi jikoni, yeye anatoka nje, hata kama kuna theluji."

"Alikwambia sababu?"

"Alisema ni sumu. Si mnasikia kila mwaka kwenye redio, watu wanaokota, wanakula, wanaenda."

Ssenga akanigeukia.

"Kijana. Uliniambia wewe ni ukoo gani?"

"Simba, Ssenga." Sauti ilinitoka nyembamba, si ya simba hata wa kuchorwa.

"Nani alikwambia?"

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Lakini mtu unachutamaje na pai ya moto mikononi?

"Mama... Mama alikuwa akimwita baba 'simba wangu'."

"Toba!" mama akapiga yowe. "Elijah! Hilo lilikuwa jina la chumbani!"

Kirabo alichukua mto wa kochi akajifunika uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Huo ndio uliokuwa utafiti wangu wote wa nasaba, msomaji. Mwezi mzima nilikuwa natembea kifua mbele, najitangaza kizazi cha simba, na ushahidi wangu wote ulikuwa neno la mahaba.

Ssenga hakucheka.

"Kama marehemu alikuwa Butiko, huyu naye ni Butiko," akasema. "Na Kirabo ni Butiko. Hapo hakuna mchumba. Hapo kuna kaka na dada."

"Ssenga, *sluta*!" Kirabo akautupa mto. "Acha! Tumejuana mwaka juzi tu, kwenye foleni ya kahawa. Hatuna undugu wowote!"

"Ukoo hauhesabu mlijuana lini. Babu yenu wa kwanza ni mmoja. Ningekuwa nimekuozesha kwa mtoto wa baba yako." Akanielekezea kidole. "Wewe. Niletee ukoo wa baba yako, kutoka kwa mtu aliyemjua. Ukiwa ukoo mwingine, hata wa panzi, nitawafungisha ndoa mimi mwenyewe na nitacheza. Ukiwa Butiko, huyu mtoto hutamshika hata mkono."

Na Mzee Andrew? Mzee Andrew hakuwa amesema lolote. Alikuwa akiitazama picha ya marehemu baba yangu ukutani. Akaitazama, akaitazama. Nilidhani ameipenda fremu, maana niliitengeneza mwenyewe.

"Samahani," hatimaye akasema, na zile S zake zikapiga mluzi kwenye pengo la meno ya mbele. "Naomba maji."

Nikaiweka pai mezani, nikamletea. Akayanywa yote, akaomba mengine.

Nilimsindikiza Kirabo mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia lile ambalo mwanamume mjinga husema akibanwa:

"Twende tukafunge ndoa ofisini. Hii ni Sweden. Nani atatuzuia?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma.

"Elijah, mimi mama yangu alikufa sijaota meno. Ssenga ndiye aliyenilea. Bila yeye siolewi. Halafu sikiliza. Tangu nizaliwe watu wananiuliza natoka wapi. Nikisema Hjulsta, wanasema hapana, *kwenu hasa* ni wapi. Butiko ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimekitoa wapi. Usiniambie nikiache."

"Sitakwambia."

"Basi tafuta. Na kila mzee utakayeongea naye, mrekodi. Wewe ukisikiliza unasahau. Weka simu inirushie yenyewe ukizima tu, mimi nitaandika."

Nikaiweka hivyo palepale, mbele yake. Ukizima, inatuma. Nilijiona fundi.

Basi nikaanza kutafuta.

Nilikuwa nimeshatema mate kwenye kichupa na kuyapeleka kupimwa nasaba. Majibu yakaja: Afrika Mashariki. Mama angeniambia hivyo bila mate.

Nikaenda kuomba jalada la baba, la siku zile alipoingia nchini kama mkimbizi. Nilikaa kwenye chumba kimya, nikavaa uso wa mtu msomi, nikafungua karatasi moja moja. Serikali ilikuwa imemwuliza baba yangu kila kitu. Shule aliyosoma, dini, chanjo, kama anajua kuendesha trekta. Hakuna aliyemwuliza ni kitu gani hali.

Nikarudi nyumbani mnyonge. Mama alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa.

"Ulienda kuuliza makaratasi," akasema. "Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza, mama! Ulisema baba hakuzungumza habari za kwao."

"Za kwao hakuzungumza. Lakini alikuwa na rafiki, yule Mkongo aliyekaa naye chumba kimoja kabla hatujaoana. Baudouin. Yupo Upplands Väsby mpaka leo, Krismasi ananipigia."

"Mama! Mwezi mzima nahangaika, hukunitajia huyo mtu?"

"Ulitaka watu wa ukoo. Yule ni mtu wa chumba."

Nikapanda treni ya kaskazini. Baudouin alinifungulia mlango akiwa amevaa suti na ndara, mzee mrefu, mcheshi, Kiswahili chake cha Bukavu hakijapauka hata chembe.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mtoto wa Ignatius."

"Mutoto ya Ignace! *Mon Dieu!*" Akanishika mashavu. "Unamufanana mu macho. Lakini yeye alikuwaka muzuri."

Nikayameza hayo. Tukakaa. Akanimiminia chai, nami nikaenda moja kwa moja kwenye jambo langu, maana roho ilikuwa juu.

"Mzee, swali moja tu. Baba alikuwa anakula uyoga?"

"Buyoga?" Akacheka. "Alikula sahani mbili! Miye njo nilipika!"

Niliruka nikamkumbatia mpaka chai ikamwagika. Alikula! Sahani mbili! Mtu wa Butiko hawezi kula uyoga sahani mbili. Nikaanza kuwaza rangi ya suti ya harusi.

"Ile siku tulikuwa na njaa," Baudouin akaendelea, akijifuta chai. "Tulikuwa bapya hapa. Nikaenda mu pori, nikaona buyoga kama ile ya kwetu. Nikapika na nyanya, na kitunguu. Akakula, akakula. Kisha akagonjwa."

"Akaugua?"

"Mubaya sana! Alitapika mpaka nikasema, Baudouin, umeua mutu."

"Sumu!" nikapiga kelele kwa furaha. "Kumbe kweli ilikuwa sumu!"

Ndiyo, msomaji. Nilishangilia kusikia baba yangu mzazi alilishwa sumu. Mapenzi yalikuwa yameshanifikisha huko. Lakini hebu ona mambo yalivyonyooka: alikula, kwa hiyo si Butiko. Akaugua, kwa hiyo hakuugusa tena. Mama alisema kweli, Ssenga alikuwa amekosea, na mimi nilikuwa bwana harusi. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikainama kuvaa viatu.

"Na wewe, mzee," nikauliza kwa adabu tu, huku nafunga kamba, "ulipona vipi?"

"Miye? Miye sikugonjwa."

"Hukula?"

"Nilikula sahani tatu."

Nikabaki nimeinama, kamba mkononi.

"Chungu kimoja?"

"Chungu kimoja."

Nikauchomoa ule mguu uliokuwa umeshaingia kwenye kiatu. Nikarudi nikakaa.

"Baba alianza kuugua saa ngapi? Namaanisha, baada ya nini?"

Baudouin akafikiri. Uso wake ukaacha ucheshi.

"Baada ya kuuliza. Aliniambia, hii nyama tamu hivi, ni nyama ya nini? Nikamuambia, haiko nyama, iko buyoga. Akaweka kijiko. Akalia kwanza. Alilia, *mon petit*, kama mutu amepata habari ya kifo. Njo akatapika."

"Nikakimbia kuita mutu wa kwabo, alikaa mu nyumba ya juu yetu. Dereva wa basi. Akakuja, akakaa naye chini, akamushika mukono. Balisema luga yabo. Miye nilishika neno moja tu, maana balirudilia sana. Butiko, butiko. Nilifikiri njo jina ya ugonjwa."

Haya basi. Mimi nilidhani kijiji, yeye alidhani ugonjwa. Miaka yote hiyo mzee wa watu alikuwa na jibu langu mdomoni, analiogopa asije akaambukizwa.

"Dereva huyo aliitwa nani?" nikauliza, na moyo ulikuwa umeshajua kabla yangu.

"André. Alikuwaka na pengo hapa mbele. Akisema S, inapiga filimbi."

Ndipo nilipokumbuka simu. Nikaitoa mfukoni nikaitazama. Sikuwa nimeiwasha. Mtafiti mzima, nimesikia ushahidi pekee duniani, na sikurekodi hata kikohozi.

Pengine ilikuwa heri. Ningemwambiaje Kirabo? Nilikaa kwenye treni nikijipa moyo kwamba huenda Baudouin amechanganya, kwamba akina André wenye pengo ni wengi. Nitamsikia Mzee Andrew mwenyewe kwanza. Na safari hii, nikaapa, kurekodi sitasahau. Niliposhuka Hjulsta, mwisho wa treni ya bluu, nikaiwasha simu kabisa, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Mzee Andrew alikuwa kwenye kibustani chake cha kukodi, ng'ambo ya maghorofa, anachuma majani ya maboga kabla baridi haijayaua. Hakushtuka kuniona.

"Umetoka kwa Baudouin," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Nilipoiona picha ya Ignatius kwenye ukuta wenu, nilijua utaishia kwa Baudouin. Sikutegemea utachelewa hivi."

Akanisogezea ndoo aliyoigeuza kiti. Nikakaa.

"Kwa hiyo ni kweli. Ulimjua baba."

"Nilimshika mkono siku ile. Aliniambia, Andrew, nimekula ukoo wangu. Nikamwambia, hukujua, na ulikuwa na njaa. Hakunisikia. Akanishika nguo akasema, niapie, Mganda yeyote asijue. Nikamwapia." Akakung'uta udongo kwenye jani. "Baada ya hapo akatukimbia sote. Akiniona njiani, anavuka. Nilisikia kaoa mtu wa Tanga, nikasema vizuri, huko hakuna wa kumwuliza."

Msomaji, miaka yote nilidhani baba aliidharau kwao. Nilipokuwa mdogo nikimwomba anifundishe Kiganda, alisema lugha hiyo haina kazi hapa. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nikakua nalo. Kumbe alikuwa anaona haya. Sahani mbili za uyoga na nyanya, basi, ndizo zilizomnyamazisha mpaka kaburini, na mimi nikaenda nikapika zangu nikazipeleka mezani chini ya picha yake.

Nililia. Sifichi. Nililia mbele ya maboga, na kamasi zikanitoka.

"Basi yamekwisha," nikasema nilipoweza. "Mimi ni Butiko."

"Wewe ni Butiko."

"Na Kirabo ni dada yangu."

Mzee Andrew akaliweka lile jani chini.

"Hilo sikulisema mimi."

Nikanyanyua uso.

"Jina lake unajua maana yake?" akaniuliza.

"Kirabo? Zawadi." Nilijibu haraka, kwa fahari, maana ndilo neno pekee la Kiganda nililokuwa na hakika nalo.

"Uliwahi kujiuliza kwa nini nilimpa jina hilo? Butiko tuna majina yetu ya kuwapa watoto, tele. Hilo la ukoo Gaudiosa ndiye aliyemwongezea baadaye. Mimi nilimwita Zawadi. Na zawadi, kijana, haijileti. Ina mtu aliyeitoa."

Akili yangu si ya kukimbia, lakini hapo ilianza kutambaa.

"Mama yake nilimwoa ana mimba," akasema Mzee Andrew. "Si yangu. Nilijua, na nilimwoa nikijua, kwa sababu nilimpenda. Mtoto akazaliwa, mama akaondoka duniani, nikabaki na huyu mkononi. Kwenu Tanga mna ule msemo."

"Kitanda hakizai haramu," nikanong'ona.

"Huo huo. Gaudiosa alitaka tumfanyie mila ya kitovu. Unakitia kitovu kilichokauka majini. Kikielea, mtoto ni wenu. Kikizama, si wenu. Nikamwambia kimepotea hospitali." S zikapiga mluzi, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Hakikupotea. Ninacho mpaka leo kwenye kopo la majani ya chai. Sijawahi kukikaribisha na maji."

Mbwa wa jirani akapita, tukangoja mpaka mwenye mbwa akamwita.

"Sasa nisikilize," akasema. "Nikimwambia Gaudiosa ukweli, Kirabo si Butiko, na mtaoana hata kesho. Lakini nitakuwa nimemvua ukoo wake mbele ya watu. Nikinyamaza, atabaki mwanangu kama alivyo, na wewe utabaki kaka yake. Tangu siku ya pai yako silali. Nimeshindwa. Wewe unampenda. Niambie nifanye nini."

Mimi ni mtu wa kusema upesi, mnanijua. Kwa sehemu sita nimesema upesi na kila mara nimeumbuka. Lakini pale nilikaa kimya juu ya ndoo, nikamsikia Kirabo kwenye ngazi: ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimekitoa wapi.

Nilimtaka. Jamani, nilimtaka. Ningesema neno moja tu, na mzee yule angenyanyuka, akaenda kumwambia dada yake, na mimi ningekuwa na mke.

"Mwache abaki Butiko," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini mwache. Nitamwambia Ssenga kwamba baba alikuwa Butiko, na huo ni ukweli. Nitakuwa kaka. Sijui kaka hufanya nini, nitajifunza."

Mzee Andrew akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na udongo.

Lilikuwa jambo la kwanza la maana nililowahi kufanya tangu hadithi hii ianze, na nilijisikia mtu mzima. Nikatia mkono kwenye mfuko wa shati nitafute kitambaa nifute kamasi.

Nikashika kitu cha moto.

Nikakitoa. Simu. Kitaa chekundu kinawaka, dakika zinahesabika. Nilikuwa nimeapa sitasahau kurekodi, na kwa mara ya kwanza maishani sikusahau.

"Nini hicho?" Mzee Andrew akauliza.

Nikapigwa na kiwewe. Nikafanya lile ambalo kidole cha mtu yeyote kingefanya. Nikaizima.

Ukizima, inatuma.

Nilibonyeza huku na huku. Nilizima data, nikawasha, nikaomba kwa Mungu wa mama na kwa Butiko wote waliotangulia. Kimstari kilitembea mpaka mwisho, kikageuka alama ya tiki.

"Elijah," Mzee Andrew akasema, na safari hii alikuwa amesimama. "Umefanya nini?"

Tulisimama wote wawili katikati ya maboga, tunakitazama kile kioo, mpaka zile tiki zikawa za bluu. Alikuwa anasikiliza. Mahali fulani mjini hapa Kirabo alikuwa na vidude masikioni, kalamu mkononi, tayari kuandika.

Muda mrefu ukapita, kisha simu ikatetemeka. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, nao haukuwa wangu, ulikuwa wa baba yake:

*Muulize pappa. Zawadi kutoka kwa nani?*